Maji ya Chumvi ya Mama Mueni

Kwaa! Hilo lilikuwa komeo la geti, ndugu zangu, na mpaka leo nikilikumbuka mikono yangu inanyooka yenyewe. Bwana asifiwe!

Naitwa Nashipae, maana yake mwenye furaha, na kweli mimi hucheka hata nikiwa na njaa. Kiangazi kilipomaliza ng'ombe wa baba kule Kajiado, mwisho wa miaka ya tisini, nilikuja Kitengela kutafuta kibarua kwa kiwanda cha mashati ya kupelekwa ng'ambo. Shule niliachia darasa la saba. Ndoto yangu ilikuwa cherehani yangu mwenyewe, nishone nguo za harusi.

Kila asubuhi tulipanga foleni getini na karani akakagua vidole. Mwenye kidonda alirudishwa, kwa sababu shati ni jeupe na tone moja la damu linaliharibu. Na hivyo vidonda tulivipata wapi? Kwa sindano zao!

Aliyenifundisha kushona kola ni Mama Mueni, mjane Mkamba mwenye mtoto mmoja. Jioni alinichovya vidole kwa maji ya chumvi ili vidonda vifunge kabla ya asubuhi, nami napiga kelele.

"Nyinyi Wamaasai mnakunywa damu ya ng'ombe," alinitania, "yako ndiyo inakutisha?"

Ndugu zangu, sasa hapa ndipo nina aibu. Siku moja karani alisema anataka mtu mmoja tu. Mama Mueni alikuwa mbele yangu, kidole kimoja amekikunja kidogo. Nilikijua. Jana yake nilikifunga mwenyewe. Karani alikuwa karibu kumpitisha. Nikasema, kwa sauti ya huruma kabisa, "Pole mama, hicho kidole bado kinatoka damu?"

Karani akamkunjua kidole. "Mama, rudi nyumbani. Wewe wa kuchekacheka, ingia."

Nikaingia! Na Jumapili nikasimama kanisani nikashuhudia ati Bwana amenifungulia mlango. Watu wakapiga makofi.

Mama Mueni hakuonekana tena getini. Mimi nikawa nazunguka njia ya mbali nisipite kwake. Nikipiga magoti, maombi hayatoki. Mpaka siku moja, nikishona kola, nikawaza: mtu fulani ng'ambo atavaa hii aende kanisani, na hatajua kuna mama alifukuzwa ndio ibaki safi. Halafu nikasikia moyoni: yeye hajui, lakini wewe unajua. Nililia juu ya cherehani mpaka msimamizi akanitoa nje.

Nikakimbia mpaka kwa Mama Mueni. Mlango una kufuli. Jirani yake akaniambia, "Alirudi kwao Makueni na mtoto. Alisema ukija nikwambie usiache maji ya chumvi."

"Alikuwa na hasira?"

"Hasira ya nini? Alisema, huyo msichana alikuwa na njaa, na mimi niko na njaa. Ni hiyo geti ndiyo nyembamba."

Hapo ndipo Yesu alinikuta, ndugu zangu, mbele ya kufuli! Nikapiga magoti kwa vumbi. Aliing'oa ndani yangu ile roho ya kuomba nipite mimi huku mwenzangu anaanguka. Furaha ilirudi, lakini siwadanganyi, si yote. Mama Mueni sijamwona mpaka leo.

Ee Bwana, wakumbuke wote wanaosimama kwa mageti ya dunia hii wakionyesha vidole. Waguse wanaovaa, waulize ni nani alishona. Waguse wenye funguo, wafungue pana. Na wewe ndugu unayeficha jambo kama langu, mwendee Yesu bila kuogopa. Yeye harudishi mtu kwa sababu ya kidonda.

Jioni ya siku ile ya kufuli, peke yangu chumbani, nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikajaza chupa mpaka shingoni. Nikaiweka kando ya viatu vyangu, iwe ya vidole vya foleni ya kesho.