Mguu wa Kushoto wa Tessa

Ndani ya basi la Pittsburgh, Marlene aliinamia kitabu chake, lakini masikio yalikuwa kwenye kiti cha mbele yake. Hapo baba mmoja, bintiye Tessa amemlalia begani, alikuwa akimweleza shida yake mama mzee asiyemjua.

"Anachechemea tangu Pasaka. Madaktari wawili wamempiga picha, wanasema mguu ni mzima. Leo tunakwenda kwa wa tatu."

"Nyumbani nani anachechemea?"

"Hakuna." Akamtazama Tessa. "Hakuna tena. Baba yangu alikuwa hivyo, tukamzika wiki hiyo hiyo. Huyu alikuwa mkia wake, akimfuata kila aendako."

"Si anamwiga babu yake, mwanangu! Daktari wa nini? Mwambie aache, shuleni watamcheka."

"Nimwambieje, mama? Nikiwa jikoni nasikia ile hatua ukumbini, nageuka nikidhani ni mzee. Akiacha, nitaisikia wapi?"

"Lo! Sasa wewe unataka apone au asipone?"

"Ndiyo sijui."

Marlene, aliyesomea malezi ya watoto kwa miaka mitatu, akakifunga kitabu chake.

Basi likasimama mbele ya hospitali. Tessa akaamka, akashuka akiuburura mguu wa kushoto. Baba yake akamshika kiwiko, taratibu, kama anayemshusha mzee.