Helmeti ya Mister

Pale Kichochoro cha Kenanga kinapokutana na barabara ya mlimani, mjini Salatiga, kuna benchi la mianzi lenye umri mkubwa kuliko lami yenyewe. Zamani lilikaliwa na waendesha bodaboda kumi na wanne. Tangu abiria waanze kuita pikipiki kwa simu wamebaki watatu, na benchi limepata nafasi ya kujinyoosha. Kuna Samidi, aitwaye Breki, kwa sababu za pikipiki yake husikika kabla yeye hajaonekana. Kuna Wagiman, ambaye ni Redio, isipokuwa hana kitufe cha kuzimia. Halafu Darsono, yaani Semina: alihudhuria semina moja kule Semarang, ya siku mbili, na mpaka leo kichwa chake hakijarudi. Kahawa ni ya Mama Tugiyem, nzito, machicha yamelala chini, tempe ya soya ya kukaanga pembeni. Asubuhi hiyo ya Jumatano Samidi hakuigusa hata tempe. Mister alikuwa amepita tena kwa miguu, siku ya tatu mfululizo, mkononi kashika helmeti mpya.

Mister ni mwalimu wa chuoni, mrefu kama nguzo ya umeme, kutoka nchi ambayo Semina anasema ni Ubelgiji na Redio anashikilia kuwa ni Bulgaria. Miaka mitatu anaishi juu ya kichochoro bila gari, bila pikipiki, bila hata baiskeli ya kuazima. Kila asubuhi alikuwa akishuka, akipanda nyuma ya Samidi, magoti yake yakitokeza pande mbili kama mabawa. Ndiye abiria pekee wa kudumu aliyebaki. Na mke wa Samidi alishatoa hukumu: Mister akiondoka, pikipiki inauzwa Jumamosi, na Samidi anakwenda Ambarawa kuchunga bata wa shemeji yake. Bata mia nne.

— Kanunua pikipiki, alisema Samidi kwa sauti ya mtu anayesomewa wosia. Basi tena. Kwaheri binadamu, karibuni bata.

— Pikipiki iko wapi? Redio akauliza. Mtu akinunua pikipiki anaipanda. Yule anabeba helmeti kama bibi anayetoka sokoni na tikiti maji.

— Ananunua kidogo kidogo, akasema Semina. Tulifundishwa Semarang. Mwezi huu helmeti, mwezi ujao kioo cha pembeni, halafu honi. Ikifika mwaka wa tisa anaunganisha.

— Mwaka wa tisa mimi nitakuwa naongea lugha ya bata, akasema Samidi.

— Breki, usilie kwenye kahawa yangu, alifoka Mama Tugiyem. Ina chumvi ya kutosha.

— Kahawa ina chumvi?

— Kunywa!

Redio akasogea mbele. Akisogea mbele ujue taarifa ya habari inaanza.

— Sikilizeni. Mtu mzima, ana kazi, ana mshahara, hana chombo cha usafiri. Kwa nini? Pikipiki ina namba. Namba inaandikwa ofisini. Ofisini kuna watu wanaosoma. Yule bwana kuna mke anamtafuta!

— Mke gani?

— Wa huko Bulgaria.

— Ubelgiji.

— Wawili basi! Mmoja kila nchi! Ndiyo maana anatembea. Nyayo hazina namba.

— Na helmeti? Samidi akauliza.

— Ya kujificha uso.

— Mbona haivai?

Redio akameza funda la kahawa, machicha na yote, ili apate muda. Semina akaikamata zamu.

— Mnakosea wote. Yule katumwa kukagua njia za waenda kwa miguu. Mnaonaje anavyotazama chini? Anahesabu mashimo. Helmeti ni ya siku atakapotumbukia.

Hapo hata Samidi akaitikia kwa kichwa. Mbele ya duka la simu kulikuwa na shimo lililommeza mbuzi mwezi uliopita, na mbuzi alitoka na tabia nyingine kabisa.

Nyuma yao tairi likapumua *fyuu*. Pembeni ya benchi, tangu Jumapili, kulikuwa na kibanda kipya cha kuziba pancha, cha Mama Rotua, Mbataki, kabila la wasema wazi, aliyehamia kutoka Medan na mtungi wake wa upepo na sauti ya kusukuma upepo bila mtungi. Siku tatu amewasikiliza. Sasa akaja na chuma chake cha kubandulia tairi mkononi.

— Samahani, jamani. Mimi mgeni. Mmemuuliza mwenyewe?

Benchi zima likacheka. Semina alimwonea huruma.

— Mama, tunamuuliza kila siku! Akipita tu: “Unakwenda wapi, Mister?” Sisi watu wa adabu.

— Leo mlimuuliza?

— Wote watatu!

— Akajibu nini?

Redio alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe haikutoka hata mikwaruzo. Semina alichungulia ndani ya kikombe. Samidi alijaribu kukumbuka: aliuliza, ndiyo, na Mister alisimama, akaongea maneno mengi, akanyoosha kidole kuelekea bondeni, na yeye Samidi akatabasamu akasema, “Haya, taratibu, Mister.” Lakini maneno yenyewe? Nani husikiliza jibu la salamu? Mtu anapita, unamuuliza anakwenda wapi, anasema kule, mmemalizana. Ndivyo alivyolelewa na mama yake.

— Huwa anasema maneno mengi, alijitetea. Anasema kama anatoa ushahidi mahakamani.

— Huko kwetu, akasema Mama Rotua, tukiuliza tunataka kujua.

— Kahawa imekwisha, alitangaza Mama Tugiyem.

Ndipo Mister alipotokea bondeni, anapanda mlima hatua moja moja, shati limemgandia mgongoni, uso mwekundu kama pilipili ya sambali, helmeti mkononi. Benchi likakaa wima. Redio alijiziba mdomo kwa kiganja. Samidi alisimama, bata mia nne wakimlilia masikioni.

— Umetoka wapi, Mister?

Mister akasimama. Akafuta jasho. Akatabasamu kwa fahari ya mwanafunzi aliyeshika somo hatimaye, akasema:

— Kule tu.

— Lo! Redio akapiga kelele. Nani kamfundisha?

Mama Tugiyem alikuwa anasugua sufuria kwa bidii ya ghafla.

— Jana, alisema. Alikuja kunilalamikia kwamba anajibu vizuri ila hakuna anachopata. Nikamwambia, mwanangu, hapa jibu ni kule tu. Nilidhani namsaidia!

Samidi aliona chuma cha tairi kinamgusa mbavuni. Mama Rotua hakusema kitu, alikisukuma tu. Swali la pili! Hakuna mtu wa kichochoro hiki aliyewahi kuuliza swali la pili. Ni kama kuchungulia chungu cha jirani. Alifumba macho.

— Kule... wapi?

Mister alitazama kushoto, kulia, kisha macho yake yakalowa. Akakaa kwenye benchi, likalia, naye akamwaga yote. Goti lake linauma. Daktari kamwambia ashuke kwa miguu kila asubuhi, lakini kupanda mlima, marufuku. Kwa hiyo Jumatatu alimwambia Samidi: natembea mpaka darajani, nifuate saa tatu unipeleke chuoni. Samidi akasema haya, taratibu. Akangoja. Jumanne akamwambia tena. Haya, taratibu. Akangoja. Leo asubuhi vilevile: akangoja darajani, hakuna aliyefika, akapanda na goti lake bovu, na njiani kurudi akaona ajaribu lile “kule tu”.

— Na simu? Semina akauliza.

— Yangu ilizama kwenye kahawa Jumapili, alinong’ona Samidi.

— Ndiyo maana ina chumvi! akasema Redio.

— Na helmeti, Mister?

Mister aliichukua helmeti ya abiria ya Samidi kwenye usukani, akaivaa. Ilikaa juu ya kichwa chake kama kikombe juu ya fenesi. Miaka mitatu, na hakuna aliyewahi kutazama. Akaivua, akavaa yake mpya. Ikaingia sawasawa.

— Sikutaka kukuudhi, Bwana Samidi, alisema. Ulikuwa unaniitikia vizuri sana.

Samidi alipiga kiki mara nne, pikipiki ikakubali, magoti ya Mister yakafunguka pande mbili mahali pake, na bata wote wa Ambarawa wakatawanyika angani.

— Mnakwenda wapi? benchi likapaza sauti.

Mister akageuka, akainua kidole, akaeleza kwa urefu: chuoni, kisha duka la dawa, saa nane wanarudi, Semina amshikie nafasi na Mama Tugiyem amwekee tempe tano.

— Haya, taratibu! wakamwitikia kwa pamoja.

Pikipiki ya Samidi haiondoki haraka, kwa hiyo yaliyofuata aliyasikia yote, hata sauti ya Mama Rotua akiuliza:

— Wamesema wanarudi saa ngapi?

Redio akanyoosha mkono kwenye tempe.

— Mimi sijui, dada, akasema Redio. Mimi nilikuwa nasalimia.