Mkate wa Siku Hamsini na Mbili

Benchi liko nje ya duka langu la kahawa na donati, Mtaa wa Thames, hapa Groton, penye kambi ya wanamaji wa nyambizi, limeutazama mto. Nililiweka kwa ajili ya wateja, lakini wazee watatu wamelitaifisha, na mteja wa kweli akitaka kukaa inabidi asimame. Wa kwanza ni Antena, aliyekuwa mtu wa redio ndani ya nyambizi miaka ishirini na miwili. Wa pili ni Mwiko, mpishi wa nyambizi, mzaliwa wa Cavite kule Ufilipino, aliyeoa hapa na kuzeekea hapa. Wa tatu ni Vyuma, Mpolandi wetu, aliyechomelea nyambizi kiwandani miaka thelathini na minne na hajawahi kuzama hata kwenye bwawa la kuogelea. Mimi ni Odete Furtado, mjane wa baharia. Kikombe chao cha pili nawapa bure ili wanyamaze, na mpaka leo hawajanyamaza. Ijumaa hiyo walikuwa wamewahi kuliko kawaida, kwa sababu nyambizi Halloway ilikuwa inashuka mto kwa mara ya mwisho, inakwenda pwani ya magharibi kukatwakatwa. Antena na Mwiko waliitumikia pamoja ikiwa bado mpya.

Vyuma: Miaka thelathini na sita tu. Chuma kile nilikichomelea mimi. Kingefika hamsini.

Antena: Kingefika hamsini kama mngekiweka kabatini. Kinu cha nyuklia nacho kina mwisho wake, bwana. Mafuta yameisha, safari imeisha.

Mwiko: Nyambizi haiishiwi mafuta. Inaishiwa mayai.

Antena: Ameanza.

Mwiko: Hewa inajitengenezea. Maji inajitengenezea. Yai haitagi. Ikifika siku ya tisini mnaibuka, mpende msipende.

Antena: Sisi tunaongelea uhai wa nyambizi, wewe unaongelea kifungua kinywa.

Mwiko: Uliwahi kukikosa? Basi kaa kimya.

Vyuma: Wote hamjui. Chuma kinachoka. Ikizama, bahari inaiminya. Ikiibuka, inajiachia. Minya, achia, minya, achia. Chukua waya, ukunje na kuunyoosha, uone kama hautakatika. Ndiyo maana kila mzamo unahesabiwa. Ikitimiza idadi yake, inaambiwa kwaheri.

Mwiko: La kuminywa ni kweli. Tulikuwa tunafunga uzi ukuta hadi ukuta, umekaza kabisa. Tukishuka chini sana unalegea mpaka unaweza kuanikia soksi.

Antena: Sasa niwaambie ambalo wakubwa hawasemi. Ile haikuwa inarudia ukubwa wake wote. Kila mzamo inapungua kidogo, unywele tu. Nilipoingia Halloway nililala kitandani nimejinyoosha. Nilipoondoka nilikuwa nalala nimekunja magoti.

Vyuma: Kitanda hakikupungua. Wewe uliongezeka.

Antena: Mtu mzima anaongezeka urefu?

Vyuma: Upana. Mwili ukikosa nafasi pembeni unaitafuta kwingine.

Mwiko: Mimi nasema ni rangi. Kila mwaka wanaipaka. Miaka thelathini na sita, rangi juu ya rangi. Ule ni uzito, jamani. Siku moja ingezama na kukataa kuibuka.

Vyuma: Ndiyo wahenga wakasema, chombo cha kuzama hakina usukani.

Antena: Nyambizi ni chombo cha kuzama na ina usukani. Nimeuona kwa macho yangu.

Vyuma: Methali haibishiwi.

Antena: Haibishiwi ikiwekwa mahali pake. Sikilizeni. Nyambizi inastaafishwa kwa sababu ya sauti. Kila moja ina mlio wake, na Warusi wameshaukariri wa Halloway. Kuna mzee kule Murmansk anaupiga mluzi akiwa anaoga. Mkewe anauimba jikoni. Wajukuu wanaucheza shuleni. Utajificha wapi tena?

Vyuma: Hiyo sasa ni chai, siyo kahawa.

Nilikuwa mlangoni na birika. Nilitaka kuwaambia kwamba huenda nyambizi ilistaafu ili isiwasikie tena, lakini wakati huohuo ikatokea kwenye kona ya mto, nyeusi, imelala chini majini, tagi mbili, zile boti za kuvuta meli, zikiisindikiza. Watatu wakasimama. Vyuma alivua kofia. Wakabaki wamesimama mpaka ilipolipita ghati na kuelekea baharini, na walipokaa walikaa polepole, mikono magotini.

Hapo ndipo alipokuja binti mmoja amevaa sare ya wanamaji, kikombe changu mkono mmoja, karatasi mkono wa pili. Jina lake lilikuwa kifuani, Ouellette. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili hivi, na usiku uliopita hakuwa amelala, mimi huyajua macho hayo.

Ouellette: Samahani, mabwana. Naona kofia zenu za wanamaji. Mmetumikia nyambizi?

Vyuma: Hawa wawili. Mimi nilizijenga, na hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Antena: Kaa, binti. Safari ya kwanza?

Ouellette: Jumatatu. Miezi mitatu au zaidi, hawasemi. Nina fomu, inatakiwa kambini kabla ya saa sita mchana. Wenzangu wote wameshairudisha.

Aliiweka juu ya goti. Sikuhitaji kuisoma. Kila baharia wa nyambizi huijaza kabla ya kuondoka. Ukiwa chini ya maji na nyumbani kukatokea msiba, je, uambiwe palepale, au kapteni aishike habari mpaka mrudi? Kuna visanduku viwili, unaweka alama kwenye kimoja. Marehemu mume wangu aliijaza mara kumi na moja. Hakuwahi kuniambia aliweka alama wapi, nami sikuwahi kuuliza.

Ouellette: Mama yangu ana saratani ya ini. Yuko hospitali, Lewiston, kule Maine. Madaktari wanasema labda Krismasi, labda kabla. Nijaze lipi?

Vyuma akajibu kwanza, kwa kuwa ndiye asiyejua.

Vyuma: Uambiwe. Usilolijua ni usiku wa giza.

Mwiko: Kule chini ni giza hata ukijua.

Vyuma: Basi usiambiwe. Asiyejua maana haambiwi maana.

Mwiko: Vyuma, kunywa kahawa yako.

Antena ana maoni kuhusu mvua, kuhusu papa, kuhusu namna ninavyokaanga donati zangu. Sasa alikuwa anatazama kidole chake kikizunguka mdomo wa kikombe.

Ouellette: Wakiniambia, naweza kurudishwa?

Antena: Hapana. Nyambizi inasikia, haisemi. Ujumbe unaingia, hautoki, maana ukitoka mmejionyesha mlipo. Hawaibuki kwa ajili ya mtu mmoja.

Ouellette: Kwa hiyo nitajua tu.

Antena: Utajua tu.

Mwiko akaweka kikombe chini. Alisema bila kumwangalia mtu, kama anayesoma mapishi.

Mwiko: Mama yangu alikufa Cavite nikiwa Halloway, mwaka wake wa pili baharini. Siku ya kumi na tisa ya safari. Niliambiwa siku ya sabini na moja, tumeshafunga kamba hapo kambini. Kapteni aliniita chumbani kwake, akanipa kiti. Kapteni hampi mpishi kiti. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

Ouellette: Ulijaza usiambiwe?

Mwiko: Nilijaza usiambiwe. Nilijaza mama akiwa mzima, anauza samaki sokoni, ananitumia salamu. Ukiwa na mama mzima, kisanduku chochote ni sawa.

Antena: Nestor.

Miaka yote nimesimama kwenye mlango huu, sijawahi kumsikia akimwita kwa jina lake.

Antena: Ujumbe niliupokea mimi.

Mwiko: Najua.

Antena: Nani alikuambia?

Mwiko: Wewe. Kuanzia siku ya kumi na tisa ulianza kusifia mkate wangu. Kila siku. Siku hamsini na mbili, Leland. Na ule mkate ulikuwa mbaya, hamira iliharibika wiki ya pili, watu wote walilalamika. Wewe tu ulikuwa unasema, mkate mtamu leo, Mwiko. Na ukaanza kuosha sahani yako mwenyewe. Mtu wa redio haoshi sahani. Nilipotoka chumbani kwa kapteni nilikumbuka sahani.

Antena: Karatasi yako ilisema usiambiwe. Kapteni akasema, umeona karatasi yake. Nilikuwa nakuja kula, nakuona unacheka na watu. Mara mbili nilisimama mlangoni mwa jiko nikiwa nimeshafungua mdomo.

Mwiko: Nakumbuka. Mara moja uliomba chumvi.

Vyuma alijifanya anafunga kamba za viatu. Mimi nilimimina kahawa ambayo hakuna aliyeiomba.

Ouellette: Naomba kuuliza, bwana. Kama angekuambia siku ile ya kumi na tisa, ungefanya nini?

Mwiko: Kule chini?

Ouellette: Ndiyo.

Mwiko alifikiri sana. Watu mia na thelathini walikuwa wanakula kwa mkono wake mara nne kwa siku, na nadhani alikuwa anawaona wote, wamepanga mstari wakikanyaga makopo, maana nyambizi ikianza safari sakafu yenyewe ni makopo ya chakula.

Mwiko: Ningepika.

Ouellette: Na kwa kuwa hukujua, ulifanya nini?

Mwiko: Nilipika.

Ouellette: Sasa tofauti iko wapi?

Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kujua, alikuwa amebakiza saa moja na nusu. Vyuma akafungua mdomo, akautafuta msemo, akaufunga. Antena alimtazama Mwiko. Mwiko aliutazama mto, ambako hakukuwa na kitu tena.

Binti alingoja kwa adabu. Kisha akakunja karatasi, akawashukuru, akanirudishia kikombe mkononi, akavuka barabara kuwahi basi la kambini. Karatasi ilikuwa bado tupu, niliona alipoikunja.

Basi lilipoondoka, Mwiko akasema:

– Barua.

– Barua gani? nikamuuliza.

– Kila Jumapili, baada ya kuosha masufuria, nilimwandikia mama. Ndiyo tofauti. Jumapili saba baada ya ile siku. Nilimwambia hamira imeharibika. Nilimuuliza goti lake linaendeleaje. Tulipofunga kamba nikamkabidhi zote mtu wa posta, ndipo nikaitwa na kapteni.

– Nilikuwa nakuona ukiziandika, Antena akasema.

– Zilifika Cavite. Dada yangu anazo. Hajazifungua. Mpaka leo sijui, Leland, kama ningetaka zile Jumapili saba ninyang'anywe. Zilikuwa Jumapili nzuri. Kuna siku nasema mlinidhulumu. Kuna siku nasema ndizo wiki saba nilizoongezewa na mama.

Nilikasirika, sifichi. Niliweka birika juu ya benchi, katikati yao.

– Na mtoto wa watu ameondoka bila kuambiwa hilo? Mnakaa hapa kila siku mkiongea habari za rangi na mluzi wa Murmansk, na neno moja lenye maana mmelishika mpaka basi limeondoka. Mmefanya tena. Wote wawili, mmefanya tena kitu kilekile.

Antena alinitazama kama mtu niliyempiga kofi. Kisha akajipapasa mfukoni, akatoa funguo za gari.

– Bado nina kitambulisho cha wastaafu, akasema. Getini wananijua.

– Hatujui jengo lake, Mwiko akasema.

– Fomu zinarudishwa jengo lilelile. Miaka yote ni jengo lilelile.

– Na utamwambia nini?

– Nitamwambia za barua.

– Barua ni zangu, Mwiko akasema, akisimama. Wewe utamwomba chumvi.

Walivuka barabara pamoja, Antena akichechemea kwa goti lake bovu. Ilikuwa saa tano kasoro dakika tano. Gari lilikataa mara mbili, mara ya tatu likawaka, wakaondoka kuelekea kambini bila hata kuwasha taa ya kukata kona.

Vyuma alibaki peke yake kwenye benchi la watu watatu. Alinyoosha kikombe.

Vyuma: Odete, hivi watamwambia ajaze lipi?

Nikainamisha birika juu ya kikombe chake. Halikuwa na kitu.