Wasifu wa Kaka Yetu, Aliyeyatungia Piano Mashairi ya Kale

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Mizani mkidhani mnamtukana, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, fundi cherehani. Walizaliwa pacha. Wa pili, dada yake, ndiye anayesoma wasifu huu.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, kisha sekondari ya bweni, ambako mwalimu alimchapa kwa kuliimba shairi aliloambiwa alikariri. Akaendelea kuimba.

Kuanzia Januari 1976 alifundisha piano katika chuo cha muziki, chumba namba tisa, kwenye piano iliyokatika nyuzi tatu. Humo aliyatungia muziki mashairi ya kale thelathini na moja, yote ya mwimbaji mmoja na piano. Kila mizani aliipa noti yake, na mshairi alipovuta pumzi katikati ya mstari, piano ilisema peke yake. Mkuu wa kwaya ya chuo aliona pale pana uvivu. Akapajaza "lalala" za watu arobaini, akachapisha kitabu na kuandika juu yake: "Zimeboreshwa." Debe tupu haliachi kuvuma.

Tarehe 9 Juni 1979 alimwoa muuguzi wa wodi ya watoto. Mkuu huyohuyo alikuwa amemkataa muuguzi huyo kwenye kwaya, akisema ana sauti ya kuitia kuku. Nyimbo zote zilitungwa kwa ajili ya sauti hiyo, zikajaribiwa jikoni kwao, piano yao ikiwa imebanwa kati ya jokofu na mlango.

Tarehe 20 Novemba 2024 kiharusi kilimnyima mkono wa kulia. Wiki ya mwisho alimshika dada yake kwa ule wa kushoto.

"Watakuja na sare zao wale. Wakiimba wimbo wangu, mtakuwa mmenizika mara mbili."

"Hawataimba, kaka."

"Utawaonea haya wewe."

"Haya zimeniishia."

Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano na dada. Ratiba hii haina kwaya, na mchapaji hakukosea. Waliovaa sare wakae. Wifi yetu ataimba peke yake. Piano haikuweza kuletwa makaburini, kwa hiyo zamu yake ikifika patakuwa kimya, na mkuu wa kwaya tunamwomba asipajaze.

Kaka alale, asisumbuliwe.