Programu ya Maji ya Mama Kahawa

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya duka la kinyozi, na kila asubuhi Mama Kahawa huweka birika lake pembeni. Mtaa mzima unategemea bomba moja linalotoa maji likijisikia. Mama akiyakosa hapiki, nasi hatunywi. Siku moja alirudi na ndoo tupu, machozi yakimlengalenga, na wenzetu wawili wakaapa kumtengenezea programu ya kumjulisha kwenye simu maji yakitoka. Mmoja ni Wembe, kinyozi mwenyewe. Wa pili ni Karani, mstaafu wa ofisi, ambaye mwanawe alimwachia laptopu. Wote wawili walikuwa wanajifunza kuandika kodi mtandaoni.

Mama aliposikia neno kodi alidhani ni ya nyumba, akaja mbio. Tulipomweleza kuwa ni maagizo wanayoandikia kompyuta, akashusha pumzi.

Kazi ilikwama mlangoni. Hiyo kodi waiandikie kwenye programu gani? Wembe alitaka ile inayokumalizia maneno: wewe unaanza, yenyewe inajaza. Karani alisema hiyo ni ya wavivu. Yeye aliitaka ile kongwe isiyojua kipanya, ambayo hata kuifunga kunahitaji mafunzo.

— Jana, mzee, ulishindwa kuifunga ukazima kompyuta nzima, Wembe alimkumbusha.

— Nilikuwa naipumzisha.

Wiki zikapita, wakahamia kwenye rangi. Wembe alishikilia kioo cha laptopu kiwe cheusi, maana cheupe kinachosha macho na, kwa maelezo yake, kimeshampa upara mteja wake mmoja. Karani alijibu kwamba gizani ndimo makosa yanamojificha. Kisha akadai kuwa programu ya kumalizia maneno inanyonya mawazo ya mtu na kuyapeleka ng'ambo, ndiyo maana Wembe siku hizi anasahau kunyoa upande mmoja. Wembe akanuna. Wakawa wanakaa kila mmoja ncha yake ya benchi, na sisi wa katikati tukawa wa kupitisha maneno makali huku na huku. Mama Kahawa alimimina tu, haulizi tena programu imefika wapi.

Asubuhi moja alikuja mpangaji mpya, dada mmoja mwenye mtoto mgongoni. Aliuliza wazee wanagombania nini, na wale wawili wakasahau ugomvi, wakamweleza kwa kupokezana. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

— Sawa, wazee wangu. Sasa hiyo programu itajuaje kama maji yametoka?

Wembe alimtazama Karani. Karani alifuta kioo cha laptopu kwa mkono wa shati. Nami nilizamisha macho kwenye kikombe, maana wiki zote hizo nilikuwa nimechagua upande na sikuwahi kuuliza.

— Hiyo ni hatua ya pili, Karani alisema taratibu.

Dada akamgeukia Mama Kahawa.

— Nipe namba yako, mama. Dirisha langu liko juu ya bomba. Likianza kukoroma nakupigia.

Tangu hapo kahawa haijakatika. Wembe na Karani nao wamepatana. Wanasema programu bado inahitajika, kwani yule dada anaweza kuhama wakati wowote, na sasa wanabishana juu ya ukubwa wa herufi.