Wiki Sita za Sifuri: Historia ya Dada Jumatatu

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yetu, tunaomba utulivu wenu tuwasomee maisha yake, nayo tutayasoma yote, pamoja na sehemu ambayo baadhi yetu tulitaka iachwe, kwa sababu aliiandika mwenyewe, akamkabidhi binti yake mkubwa, akamwambia kwamba kama hiyo haitasomwa mbele ya watu basi asisomewe kitu chochote.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 3 Novemba 1959, mtoto wa pili kati ya watano wa baba seremala na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na karakana ya baba. Alianza shule ya msingi mwaka 1967, akamaliza sekondari mwaka 1977, na mama yetu alizoea kusema kwamba mtoto huyu ukimtuma chumvi anarudi na chumvi pamoja na idadi ya watu aliowakuta dukani. Mwaka 1980 alijiunga na chuo cha kumbukumbu za afya, akahitimu 1982, na tarehe 1 Februari 1983 akaajiriwa na idara ya afya ya jimbo, ghorofa ya pili, chumba namba 14, meza iliyotazama ukuta, kazi yake ikiwa ni kufuatilia mafua.

Kwa wasioijua kazi hiyo, kila Jumatatu, kuanzia saa mbili asubuhi, aliwapigia simu wahudumu wa vituo arobaini na viwili vya jimbo zima, akawauliza wangapi wamekuja na homa na kikohozi, wangapi wamelazwa, wangapi wamefariki, akajaza jedwali, kisha akapaka rangi ramani iliyokuwa ukutani, kijani penye utulivu, njano panapoanza, nyekundu palipochachamaa, na kwa ramani hiyo wakubwa waliamua dawa, mitungi ya oksijeni na wauguzi wa akiba waende wapi. Huko vituoni hawakumjua sura, walimwita Dada Jumatatu, na walitaniana kwamba mshahara unaweza kuchelewa lakini yule dada hachelewi.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na fundi umeme wa hospitali ya jimbo, shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, ambaye aliwaambia watu kwamba mkewe ana waume arobaini na wawili anaowajulia hali kila wiki, na yeye wa nyumbani akikohoa haulizwi. Walijaliwa watoto watatu, binti mwaka 1986, mwana mwaka 1989, na kitindamimba, binti, mwaka 1994.

Sasa tunasoma alichokiandika, kwa maneno tuliyoyafupisha kidogo tu.

Jumatatu ya tarehe 1 Juni 1998, msimu wa baridi ukiwa umeanza, kituo cha bondeni, kilicho mbali kuliko vyote, hakikupokea simu. Marehemu alipiga mara nne, akapiga tena jioni, na kwa kuwa jedwali lilitakiwa kwa wakubwa kabla ya saa kumi na moja, akaandika sifuri kwenye visanduku vyote vitatu, akijiambia kesho atasahihisha, lakini hakusahihisha. Wiki ile kitindamimba wake wa miaka minne alilazwa kwa nimonia, naye alikuwa akitoka wodini kuja kazini na kutoka kazini kurudi wodini, jambo ambalo tunalitaja sisi familia, kwa maana yeye hakuliandika, na alikataa katakata litumike kumtetea. Jumatatu iliyofuata simu haikupokelewa, akaandika sifuri, na iliyofuata vilevile, mpaka mkono ukazoea, na kwa wiki sita bonde lile lilikaa kijani ukutani huku wilaya za jirani zikiwa nyekundu, na dawa zilipogawanywa, magari yakapita njia panda ya bondeni bila kukata kona.

Alhamisi, tarehe 9 Julai, muuguzi mfawidhi wa kituo kile aliingia chumba namba 14, amesafiri siku mbili, sehemu kwa miguu na sehemu juu ya lori la mbao, kwani nguzo za simu zilikuwa zimeanguka tangu mwisho wa Mei. Alitoa daftari lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki, wagonjwa mia mbili na kumi na wawili, waliofariki kumi na tisa, kati yao watoto kumi na mmoja, kisha akatazama ramani, na jedwali lililokuwa mezani.

"Nani aliandika sifuri?"

"Mimi."

"Ulituuliza?"

"Simu haikupokelewa."

"Kwa hiyo tusipopokea simu, tumepona?"



Marehemu aliandika barua ya kukiri siku iliyofuata, na mkuu wake wa kazi akaifungia kwenye droo akisema, "Ukijibebesha hili, utatubebesha sote." Ripoti ya Septemba ikataja hitilafu ya mawasiliano, hakuna aliyeadhibiwa, naye adhabu ile aliyokosa ilimwelemea kuliko ambavyo ingemwelemea kama angeipata. Tarehe 5 Oktoba alichukua likizo, akaenda bondeni, akabisha hodi katika nyumba zote zilizofiwa, nyingine zikamfungulia, nyingine zikamwacha amesimama nje. Baba mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaenda kuendelea kupasua kuni. Mama mmoja alimkaribisha kiti, akataka kujua mwanawe aliandikwaje kule mjini, na marehemu akamwambia kweli kwamba hakuandikwa, na kwamba hata angeandikwa angekuwa tarakimu tu, yule mama akamtajia jina la mtoto na umri wake na nguo aliyokuwa amevaa, akataka aandike hapo hapo, naye akaandika.

Watoto wake wanasema bila kuficha kwamba mama aliyerudi kutoka bondeni hakuwa yule aliyekwenda. Alipika, alifua, alikagua daftari za shule, lakini kicheko kilimpotea kabisa, na shemeji yetu akaacha ule utani wake kwa kuwa hakuna aliyeucheka.

Kazini alipigania utaratibu mpya, ukakubaliwa mwaka 1999 baada ya kuandika barua saba, kwamba kisanduku kisicho na jibu kiachwe kitupu na wilaya yake isipakwe rangi, na kabla jua halijazama gari liwe limeondoka kwenda kuangalia. Magari yalitoka mara sitini na moja hadi alipostaafu, mara nyingi yakakuta simu mbovu na watu wenye afya njema, madereva wakanung'unika, mhasibu akamwita mama wa hasara. Mara nne yalikuta ugonjwa. Mara mbili alipewa cheo cha kumwondoa kwenye dawati lile, na mara zote mbili akakirudisha.

Alistaafu mwishoni mwa Oktoba 2019. Agosti 2020 figo zake zilibainika kushindwa kazi, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, akadhoofika polepole kwa miaka miwili na zaidi. Februari mwaka huu yule muuguzi wa bondeni, ambaye naye amestaafu, alifika wodini na kuketi kando ya kitanda, na marehemu akamuuliza kama amemsamehe. "Sikuja kwa ajili hiyo," alijibu, "nimekuja kukuona." Alikaa hadi muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha, wakizungumza machache. Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, akimwacha mume, watoto watatu na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomhudumia bila kumchoka, majirani waliobeba maji na viti tangu juzi, wafanyakazi wenzake wa chumba namba 14, na madereva, wakiwemo walionung'unika. Tunawashukuru pia watu wa bondeni. Waliokuja tumewaona wamekaa kule nyuma, tunawaomba wasogee mbele, na waliotuma ujumbe kwamba hawatakuja tumewaelewa, wala hatuwadai neno lolote.

Dada yetu, umesomewa yote kama ulivyotaka. Pumzika, na amani uliyoikosa miaka hii ishirini na mitano ikukute huko uliko.