Malkia Aliyetekwa, na Mama Mkwe Wangu

Mama zangu, dada zangu, niliwaambia sitaki kusimama mbele, mkanisukuma. Basi nisikilizeni, na anayetaka kusinzia akae nyuma. Nitasema Kiswahili kwa kuwa hapa tuko Wameru, Waarusha na Wachaga, ingawa Kiswahili changu ni cha kufundishwa misheni. Majina ya watu sitayataja. Wengine wako hai, na hasira zao bado hazijapoa.

Mume wangu alikwenda upagazi na msafara wa Wadachi, akafa kwa homa njiani kuelekea pwani. Hata kaburi lake sijaliona. Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo walikaa, na kwa desturi yetu wakasema nirithiwe na shemeji. Shemeji si mtu mbaya, nisimsingizie. Lakini moyo wangu ulikataa, nami sikujua kama mwanamke anaweza kukataa. Sikuwahi kumwona hata mmoja aliyekataa.

Wakati ule nilikuwa nimeanza kwenda mafundisho, na sista mmoja akatusimulia habari za Radegunda. Alikuwa binti wa mfalme wa kale, huko huko kwa Wadachi. Vita vilikuja, akatekwa angali mtoto, akalelewa na watu waliomteka, kisha mfalme wao akamwoa. Mfalme huyo huyo akamwua kaka wa Radegunda. Radegunda akaondoka, akamwendea askofu, akataka avikwe nguo ya utawa. Baadaye akajenga nyumba ya masista, akawa anaosha wagonjwa kwa mikono yake mwenyewe, hata wenye ukoma, na kuwalisha. Ndugu zangu, nawaambia, siku ile sikusikia tena somo lililofuata. Malkia alikataa, akaishi! Nilirudi nyumbani nikawaambia wazee kwamba sirithiwi. Kisha nikabatizwa, nikachukua jina lake.

Aliyetamka neno zito ni mama mkwe wangu. Alisimama uani, watu wote wakimsikia, akasema, "Asiyetaka kuwa mke wa ukoo, ukoo haumjui."

Mliozaliwa huku mlimani mnaelewa maana yake. Sikusalimiwa tena. Masika ile moto wangu ulizimika, nikaenda kwa jirani na kigae changu kuomba kaa moja. Alinitazama, akayafunika makaa kwa majivu, akaendelea kumenya ndizi zake. Nikala ndizi mbivu na maziwa baridi mpaka nilipopata moto misheni, na misheni si karibu. Nilikuwa naongea na ng'ombe wangu ili nisisahau sauti yangu. Siri za ukoo ule, yule ng'ombe alizijua kuliko wazee.

Sasa hapa mtanicheka, chekeni tu. Kwetu ukipewa jina la bibi aliyekufa, unampa sehemu yake. Unamwaga maziwa kidogo penye shina la mgomba, unamwamkia. Nami nikafikiri, kama nimepewa jina la malkia, basi ni bibi yangu, na nisipomlisha atanisahau. Kila asubuhi nikawa namwaga maziwa mgombani na kumweleza upweke wangu kwa Kimeru, maana Kidachi sikijui. Siku moja mwalimu wa dini akapita, akanikuta.

"Unamtambikia mtakatifu kama mzimu?"

"Ni somo wangu, mwalimu, nimepewa jina lake. Asile?"

Hakucheka. Jumapili nikawekwa mlangoni, nje ya kanisa, nirudie mafundisho mwanzo. Mnaona mambo hayo? Ukoo ulinitupa kwa sababu ya kanisa, na kanisa likaniweka nje kwa sababu ya desturi za ukoo. Wahenga wanasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Hawakusema yatakuwa baridi kiasi kile. Kuna siku nilifunga khanga yangu kiunoni, nikashika njia kwenda kwa shemeji kumwambia nimeshindwa, anichukue.

Njia ile inapita kwa mama mkwe. Alikuwa ameota kidonda kibaya mguuni, kinanuka, wakamhamishia kibanda cha peke yake mwisho wa shamba. Wakaza wanawe, wake za watoto wake, walimwekea chakula mlangoni na kukimbia. Nikamsikia anaita maji. Mchana mweupe, watu wamejaa mashambani, na hakuna aliyeitika.

Ningependa kuwaambia niliingia kwa upendo. Haikuwa upendo. Nilitaka tu mtu aseme nami, hata kama ni kunitukana.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe hukuruhusiwa kuingia hapa."

"Najua. Geuza mguu."

Akageuza. Nilichemsha maji kwenye moto wake, nikaosha kile kidonda, nikatapika nje, nikarudi kuosha tena. Akauliza,

"Nani alikufundisha kazi hii?"

"Somo wangu. Alikuwa malkia."

"Malkia akaosha vidonda? Hakuwa na wakaza wana?"

Nikacheka, Mungu anisamehe. Nikamsimulia habari zote, toka vita mpaka kutekwa. Nilipofika hapo, mama mkwe akanishika mkono kwa nguvu.

"Alikuwa mkubwa kiasi gani?"

"Mtoto tu, mama."

Akageukia ukutani. Nikadhani kidonda kinamuuma. Kumbe analia. Akaniambia, "Hata mimi nilitekwa." Yule mama niliyemwona nguzo ya ukoo hakuzaliwa Meru. Alichukuliwa katika uvamizi, akiwa bado analala kwa mama yake, akaletwa hapa, akapewa jina jingine, akaolewa. Mumewe alijua, akafa na siri hiyo. Watoto wake hawakujua. Aliwakazia watu desturi kwa sababu aliogopa siku moja watamwambia yeye ndiye asiyejulikana na ukoo.

Sikwenda tena kwa shemeji. Kila siku nilimwosha, naye kila siku aliniambia, "Nipe habari za yule binti." Siku moja mke wa shemeji akatokea na mtungi wa maji, akauweka, akabaki. Mama mkwe akawaita wazee, akanitemea mate ya baraka kichwani mbele yao, akasema, "Huyu si mke wa mtu. Huyu ni mwanangu. Mwacheni." Wazee wakaangalia chini, wakakubali.

Kisha akazidiwa. Padre alikuwa mbali. Akaniambia, "Maji yako yale, na mimi niyapate." Mafundisho niliyorudia pale mlangoni yalinifaa, maana tulifundishwa kwamba mtu akiwa anakufa, Mkristo yeyote aweza kumbatiza. Nikamwuliza anataka jina la mtakatifu gani. Nilidhani atachagua malkia.

"Nimebeba jina la kupewa maisha yangu yote," akasema. "Nibatize kwa lile aliloniita mama yangu." Akaninong'oneza sikioni, nikambatiza kwa jina hilo.

Mwalimu alipopata habari, aliniuliza jina. Nikamweleza kwa nini alitaka lile la mama yake. Akasema, "Ingia ndani, mama. Usikae tena mlangoni."

Namshukuru mwalimu yule, alikuwa mkali lakini alijua kurudi nyuma. Namshukuru mke wa shemeji kwa mtungi ule, na wengine mliomfuata mpaka tukawa kundi hili linaloosha wagonjwa ambao ndugu zao wamewahamishia pembeni. Namshukuru somo wangu, ingawa simpi tena maziwa.

Lakini msidhani upweke umekwisha. Aliyezungumza nami amekufa. Tulipomzika, ukoo wote ulimlilia kwa jina walilompa wao. Mimi niliinama kaburini nikamwita kwa lile la mama yake, kwa sauti kabisa, na hakuna aliyegeuka, maana hakuna aliyelijua. Kwa hiyo nawaomba, mkienda kuosha mgonjwa leo, kabla hamjamwambia habari za mbinguni, mwulizeni kwao walimwitaje.